UZI: Vikosi vya nyota wa Kusini na Magharibi, futiboli ya vyuo Marekani enzi za mwanzo. Nani aliwaona, nani hakuwaona

#1 Mnyamwezi615 (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni karibu mwaka mzima.

Naishi Nashville, Tennessee. Kazi yangu ni ya usiku, na Jumamosi nikitoka kazini huwa napitia maktaba ya mjini kabla ya kwenda kulala. Kule kuna mashine za kusomea magazeti ya zamani yaliyopigwa picha kwenye filamu. Unazungusha mkono wa pembeni, kurasa zinapita kama mto, unasimamisha unapotaka. Nilianza kwa kutafuta historia ya mtaa ninaokaa. Nikanasa kwenye ukurasa wa michezo wa mwisho wa Novemba, miaka zaidi ya 100 iliyopita. Pale palikuwa na jedwali dogo la safu 3: nafasi, jina, chuo. Majina 11 tu. Kichwa cha habari kinasema hiki ndicho kikosi bora cha Kusini. Nikaendelea kuzungusha, nikakuta gazeti la mji mwingine lina jedwali lake, majina mengi ni yaleyale, machache yamebadilika, na mwandishi anamjibu mwenzake kwa hasira kwa nini kamwacha fulani.

Tangu siku hiyo sijatoka humo.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, New Jersey, Rutgers wakaifunga Princeton 6–4. Ulifanana zaidi na soka la fujo kuliko mnachokiona leo kwenye televisheni. Aliyeupa sura yake ni Walter Camp wa Yale. Yeye ndiye aliyesukuma kanuni ya mstari wa kuanzia mpira mwaka 1880, na mwaka 1882 kanuni ya timu kupewa majaribio yenye hesabu ili isogee yadi kadhaa, la sivyo inapoteza mpira. Bila hizo mbili hakuna mchezo.

Mwaka 1889 mwandishi Caspar Whitney alichapisha katika jarida la The Week's Sport kikosi cha wachezaji 11 bora wa nchi nzima. Wakakiita All-America. Baadaye jina hilo likashikamana na Camp, ambaye alichapisha orodha yake kwenye jarida la Collier's kila mwaka, na kijana akitajwa humo jina lake limeandikwa milele.

Sasa tazameni vyuo walivyotoka wale 11 wa kwanza: Harvard, Yale, Princeton. Basi. Vyuo 3, vyote vya mashariki, unavimaliza kwa treni ndani ya siku moja. Hapo ndipo penye mada yangu. Vikosi vya mikoa, yaani Kikosi Bora cha Kusini, cha Magharibi, na baadaye cha pwani ya Pasifiki, watu wengi huvichukulia kama zawadi ya waliokosa kuingia kikosi cha taifa. Mimi nasema sivyo. Vilitokea kwa sababu aliyeandika orodha ya taifa hakuwaona hao vijana wakicheza. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa, na nitaieleza kadiri tunavyokwenda.

#2 Kamanda_Ubungo

Mkuu naweka kambi hapa. Swali la haraka: hii si sawa na UMISSETA? Shule zinacheza wilaya, wanachaguliwa bora wanaunda timu ya mkoa, timu ya mkoa inakwenda kucheza na mikoa mingine. Kwa hiyo kikosi cha Kusini kilikwenda kucheza na kikosi cha Magharibi?

#3 Mnyamwezi615

Kamanda, umeuliza vizuri, na jibu ndilo linalofanya jambo hili liwe la ajabu. Hapana. Kikosi hiki hakikuwahi kuingia uwanjani. Hakikuwa na kocha, hakikuwa na jezi, wachezaji wake hawakukutana. Kilikuwa kikosi cha karatasi. UMISSETA mchaguzi akikosea, timu inafungwa na kila mtu anaona. Hapa mchaguzi akikosea hakuna mechi ya kumuumbua. Kosa linabaki kwenye gazeti, na miaka 100 baadaye mtu kama mimi analisoma kama ukweli.

Utaratibu ulikuwa hivi. Msimu ulifungwa na mechi za sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Hapa Nashville siku hiyo ilikuwa ya mechi ya vyuo vya Vanderbilt na Sewanee. Baada ya hapo wahariri wa michezo, makocha na waamuzi wanakaa kila mtu na kalamu yake. Wanachagua 11, si 22, kwa sababu enzi hizo mchezaji alicheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda, dakika zote. Ukitoka, kurudi ni shida. Kwa hiyo kumchagua mtu wa mstari wa mbele ni kusema anajua kufungua njia na anajua kuiziba.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ukilifikiria linatisha. Kwa miaka mingi wachezaji hawakuwa na namba mgongoni. Namba zilianza kuenea polepole tu katika miaka ya 1910. Hebu jiweke pale: alasiri ya Novemba, matope, wanaume 22 wamelaliana juu ya mpira, jezi zote rangi moja ya udongo, na wewe uko pembeni na daftari unatakiwa useme ni nani aliyezuia pale katikati. Mkimbiaji utamwona. Yule aliyelala chini ya rundo ili mkimbiaji apite, utamjua vipi? Kama hujawaona hao vijana mara 5 au 6, kama hujui huyu anatembea vipi na yule anainama vipi, huwezi.

Ndiyo maana mwandishi wa Atlanta au Nashville alikuwa na kitu ambacho Camp, kule New Haven, mji wa Yale, hakuwa nacho. Camp hakuwa mtu wa hila. Alikuwa na kazi yake nyingine, alikuwa mkubwa katika kiwanda cha saa, na alitegemea barua na taarifa za watu aliowaamini. Lakini barua haina macho.

#4 BintiKisauni

Mleta mada shukrani. Mimi naomba nieleweshwe, Magharibi unayosema ni California?

#5 Mnyamwezi615

Dada, hapana, na mimi nilichanganyikiwa hapohapo mwanzoni. "Magharibi" ya magazeti yale ni Chicago, Michigan, Minnesota, Wisconsin, Illinois. Leo wanapaita katikati ya nchi. Ukiwa umekaa Yale, kila kilicho nyuma ya milima ni magharibi. Vyuo hivyo viliunda umoja wao mwaka 1896, ndio huu unaojulikana leo kama Big Ten.

Camp alikaa mpaka 1898 ndipo akamweka mchezaji wa Magharibi kwenye 11 zake za kwanza: Clarence Herschberger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mpiga mateke hodari, kijana wa kocha Amos Alonzo Stagg. Na Stagg mwenyewe alikuwemo kwenye ile orodha ya 1889 akiwa mchezaji wa Yale. Angalieni njia hiyo. Ilibidi kwanza mtu wa Yale ahamie Chicago ndipo Mashariki ipate sababu ya kutazama Chicago.

Lakini mwaka unaoniuma ni 1901. Michigan chini ya kocha Fielding Yost walicheza msimu mzima bila kufungwa hata pointi moja. Nawaandikia tena: pointi 550 kwa 0. Tarehe 1 Januari 1902 wakasafiri hadi Pasadena, California, wakaipiga Stanford 49–0 kwenye mechi iliyokuja kuitwa Rose Bowl ya kwanza. Wachezaji 11 walioanza ndio waliomaliza. Neil Snow wa Michigan alifunga tachidauni 5 siku hiyo, yaani mara 5 alifikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Stanford waliomba mechi ikatishwe kabla ya muda.

Sasa fungua orodha ya Camp ya 1901, kikosi cha kwanza. Harvard wapo, Yale yupo, chuo cha Jeshi wapo, Princeton, Cornell, Columbia. Michigan hayupo hata mmoja.

Ni kweli orodha ilitoka kabla ya ile mechi ya Pasadena. Lakini zile pointi nyingine mia tano na kitu zilikwishafungwa. Ukitaka kujua nani alicheza vizuri mwaka 1901 ukasoma orodha ya taifa peke yake, utatoka hapo umedanganyika. Ukisoma Kikosi Bora cha Magharibi, wapo. Willie Heston, ambaye naye alikuwa kwenye timu hiyo, Camp alimchukua 1903 na 1904. Miaka 2 baadaye.

Mmoja wa wachaguzi wakubwa wa Magharibi alikuja kuwa Walter Eckersall. Alikuwa kotabeki wa Chicago, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, na Camp alimchagua miaka 3 mfululizo, 1904 hadi 1906. Alipomaliza chuo akawa mwandishi wa Chicago Tribune, na wakati huohuo akawa mwamuzi. Kuna mechi alizochezesha kwa filimbi, akaziandikia habari, kisha Desemba akakaa kuchagua kikosi. Leo wangesema huo ni mgongano wa maslahi. Lakini mimi nafikiri hivi: mwamuzi yuko katikati ya uwanja, hatua chache kutoka kwenye rundo. Kama kuna mtu aliyejua nani alikuwa chini ya rundo, ni yeye.

#6 Kamanda_Ubungo

Hapo nimekuelewa mkuu. Sasa lile ambalo wengi tunalisubiri. Watu weusi walikuwa wapi kwenye orodha hizi?

#7 Mnyamwezi615

Kamanda, nilijua litakuja. Nitaliandika taratibu kwa sababu ni zito.

Kwenye orodha ya taifa, mweusi wa kwanza ni William Henry Lewis. Alizaliwa Virginia mwaka 1868, wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alicheza chuo cha Amherst, kisha akaenda Harvard kusoma sheria, akacheza katikati ya mstari wa mbele, nafasi ya senta. Akachaguliwa 1892 na 1893. Mtu wa Virginia, lakini ilibidi aende Massachusetts ndipo aonekane. Baadaye alipanda hadi kuwa mwanasheria mkuu msaidizi wa serikali ya Marekani enzi za Rais Taft.

Magharibi kuna Bobby Marshall wa Minnesota, mchezaji wa pembeni mwa mstari, 1904 hadi 1906. Huyu alitambuliwa kati ya nyota wa Magharibi. Novemba 1906 Minnesota walicheza na Chicago kwenye uwanja ulioloa kwa mvua, mpira mzito kama jiwe, hakuna anayeweza kukimbia. Marshall akapiga teke la mbali, mpira ukapita kati ya nguzo. Enzi hizo teke hilo lilikuwa pointi 4. Mechi ikaisha 4–2. Na kotabeki wa Chicago siku hiyo, aliyetoka uwanjani ameshindwa, ni huyohuyo Eckersall niliyemtaja juu. Marshall alimaliza shahada ya sheria, na mwaka 1920 ligi ya kulipwa ilipoanzishwa, yeye na Fritz Pollard wakawa weusi wa kwanza kuicheza. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Kusini? Kusini hakuna. Nimepitisha filamu nyingi mbele ya macho yangu na hakuna, kwa sababu vyuo vya wazungu vya Kusini havikuwasajili weusi, si darasani wala uwanjani. Si kwamba hawakucheza. Tarehe 27 Desemba 1892, huko Salisbury, North Carolina, chuo cha Biddle kilicheza na Livingstone kwenye uwanja uliofunikwa na theluji, na hiyo ndiyo mechi ya kwanza kati ya vyuo vya weusi. Fisk ipo hapahapa Nashville, natoka Vanderbilt nafika Fisk kwa basi moja. Tuskegee, Howard, Morehouse, wote walikuwa na timu. Kusini walicheza, Kusini walizaliwa, lakini orodha inayoitwa ya Kusini haikuwahesabu kuwa Kusini.

Kwa hiyo niliposema mwanzoni kwamba orodha ya mkoa ni macho ya walioona, lazima niseme na hili: macho hayo yaliamua kutoangalia upande mmoja. Mashariki haikuiona Kusini kwa sababu ya umbali. Kusini haikuwaona weusi wake, na umbali ulikuwa nauli ya basi. Magazeti ya weusi baadaye yakachagua nyota wao wenyewe, na kwa mtu anayetaka picha kamili ya nani alicheza vizuri huku, zile kurasa ni za lazima kama hizi.

#8 BintiKisauni

Nimesoma hii mara mbili. "Umbali ulikuwa nauli ya basi." Endelea kaka.

#9 Mwana_Uvira

Ndugu zangu, mimi niko Louisville, Kentucky, jamaa zetu wa Kivu tupo wengi huku. Nilikwenda Danville kwa kazi ya kupaka rangi nyumba, ni mji mdogo sana, una chuo kinaitwa Centre. Nikaona kwenye ukuta wa jengo la zamani maandishi C6 H0. Nikauliza kama ni kemia. Mzee mmoja pale alinisimulia nusu saa nzima mbele ya ukuta. Mleta mada atakuwa anajua.

#10 Mnyamwezi615

Ndugu Uvira, asante sana, umenigusa pazuri. Centre 6, Harvard 0, tarehe 29 Oktoba 1921. Chuo chenye wanafunzi wasiofika 300 kilipanda treni hadi Massachusetts, na Bo McMillin akakimbia yadi 32 kufunga pointi pekee za mechi. Watu wa Danville wakaandika matokeo kila ukuta. Mzee wako hakukudanganya.

Lakini kwa mada yetu, Centre ni muhimu miaka 2 kabla ya hapo. Mwaka 1919 Camp aliweka wachezaji 2 wa Centre kwenye 11 za kwanza: McMillin mwenyewe na senta Red Weaver, vijana waliotoka shule moja ya sekondari ya Fort Worth, Texas. Wawili kutoka chuo kimoja kidogo cha Kentucky, wakati miaka 20 nyuma hata mmoja wa Kusini hakupata.

Nini kilibadilika? Hapa ndipo nataka kukaa.

Turudi 1899. Sewanee, chuo kidogo juu ya mlima, kama mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa nilipo. Mwezi Novemba walipanda treni na wachezaji 21. Alhamisi tarehe 9 wakaifunga Texas 12–0. Ijumaa wakaifunga Texas A&M 10–0. Jumamosi Tulane 23–0, New Orleans. Jumapili wakapumzika. Jumatatu LSU 34–0. Jumanne wako Memphis, Ole Miss 12–0. Mechi 5 ndani ya siku 6, usiku wanalala kwenye treni, maili kama 2,500, hawajafungwa pointi. Msimu mzima walishinda mechi 12 kati ya 12, na timu pekee iliyowafunga pointi ni Auburn ya kocha John Heisman, 11–10.

Kikosi cha Camp mwaka huo: hakuna wa Sewanee. Nahodha wao Henry Seibels utamkuta kwenye orodha za Kusini. Bila orodha za Kusini angebaki jina kwenye ubao wa chuo.

Halafu 1910. Vanderbilt wakaenda New Haven, nyumbani kwa Yale, nyumbani kwa Camp mwenyewe, wakatoka 0–0.  Kocha wa Vanderbilt alikuwa Dan McGugin, aliyejifunza Michigan kwa Yost, na akawa shemeji yake pia. Siku hiyo Mashariki ilikodoa macho kidogo, kisha ikafumba.

Halafu 1917. Georgia Tech ya Heisman. Pointi 491 kwa 17, hawajafungwa. Penn, chuo kikubwa cha Mashariki, walikuja Atlanta wakapigwa 41–0. Nyuma ya mstari kulikuwa na Joe Guyon, Mhindi Mwekundu wa kabila la Ojibwe kutoka Minnesota, na kulikuwa na Everett Strupper wa Columbus, Georgia.

Strupper niruhusuni nimwandikie zaidi, nampenda. Alikuwa karibu kiziwi. Heisman alisimulia kwamba zamani hizo kotabeki alipiga kelele za ishara kabla ya mpira kuanza, na zamu ya Strupper ikifika alipaza sauti zaidi ili asikie. Strupper akamwendea kocha akamwambia zile kelele hazina haja, zinawafahamisha tu wapinzani kwamba mpira unakuja kwake. Amwambie kotabeki ageuke amtazame na kutamka maneno kwa midomo bila sauti. Yeye anasoma midomo. Tangu hapo hakuna mpinzani aliyejua. Kijana asiyesikia aliyageuza mapungufu yake kuwa siri ya timu nzima. Yeye na mwenzake Walker Carpenter wa mstari wa mbele walitajwa na baadhi ya wachaguzi kwenye kikosi cha taifa, wa kwanza kutoka Kusini ya ndani. Kwa Camp hawamo, kwa sababu mwaka ule wa vita hakutoa orodha ya kawaida ya vyuo.

Na sasa 1918. Novemba, Georgia Tech wakasafiri hadi Pittsburgh kucheza mechi ya kuchangia mfuko wa vita. Wakafungwa 32–0 na Pitt, chuo cha mji huo, ya kocha Pop Warner. Miaka mingi walikuwa hawajapoteza. Kipigo kibaya. Lakini waandishi wakubwa wa michezo walikuwa uwanjani, na Camp alikuwa uwanjani. Orodha yake ya mwaka huo ilipotoka, senta wa kikosi cha kwanza alikuwa Bum Day wa Georgia Tech, mwaka wa kwanza chuoni. Mtu wa kwanza wa Kusini kuingia 11 za kwanza za Camp.

Someni tena mpangilio huo. 1899 wanashinda mechi 12, hawaonekani. 1917 wanafunga pointi 491, hawamo. 1918 wanapigwa 32–0 mbele ya Camp, na mmoja anachaguliwa. Siwezi kuingia kichwani mwa Camp, lakini kwangu mimi hiyo inatosha. Kijana alichaguliwa mwaka alioonekana.

#11 Kamanda_Ubungo

Mkuu ngoja nikubane kidogo. Umesema wachaguzi wa mkoa waliona. Sawa. Lakini umesema pia makocha walichagua. Kocha akichagua si atajaza vijana wake? Na mhariri wa Atlanta si atapendelea Atlanta? Kwa nini tuamini hizi kuliko ya Camp?

#12 Mnyamwezi615

Unanibana pazuri. Ndiyo, walipendelea. Heisman alichapisha vikosi vya Kusini huku akifundisha timu za Kusini, McGugin vilevile. Grantland Rice, mwandishi mashuhuri aliyezaliwa Murfreesboro, maili chache kutoka hapa, alisoma Vanderbilt, akafanya kazi Atlanta kisha Nashville, na alichagua Kusini mwaka baada ya mwaka. Nashville ilipenda Vanderbilt, Atlanta ilipenda Tech na Georgia. Watu wa Virginia na North Carolina walilalamika kwamba Kusini ya Atlanta inaishia mpakani mwao, na kuna orodha zinazowaacha nje kabisa kana kwamba wako nchi nyingine. Hata nani ni "Kusini" lilikuwa jambo la kugombewa.

Lakini zilikuwa orodha nyingi, Kamanda. Ya Camp ilikuwa moja na neno lake lilikuwa la mwisho. Huku Kusini mwaka mmoja unaweza kukuta gazeti limekusanya vikosi vya wachaguzi kadhaa, likahesabu kura za kila jina na kuchapisha kikosi cha pamoja. Upendeleo wa Atlanta unakutana na upendeleo wa Nashville na wa New Orleans, unafutana. Jina likipata kura kila mahali, hata kwa wapinzani wake, hilo si upendeleo tena.

Nakupa mfano mmoja: Bob McWhorter wa Georgia. Kikosi Bora cha Kusini 1910, 1911, 1912, 1913. Miaka 4, hakukosa hata mmoja. Wahariri wa miji iliyochukiana walikubaliana juu yake miaka 4. Baadaye alifundisha sheria chuoni hapo na akawa meya wa Athens, Georgia.

Na hapa naongeza kitu kidogo, maana bila hicho McWhorter asingekuwepo. Mwaka 1897 mchezaji wa Georgia, Richard Von Albade Gammon, aliumia kichwa kwenye mechi na Virginia mjini Atlanta, akafariki. Bunge la Georgia likapitisha sheria ya kupiga marufuku mchezo jimboni. Ilikuwa imebaki saini ya gavana tu. Mama wa marehemu, Rosalind Gammon, akaandika barua kuomba mchezo alioupenda mwanawe usiuawe kwa jina lake. Gavana Atkinson akakataa kutia saini. Nilipoisoma habari hiyo nilizima mashine, nikakaa tu. Mama amemzika mtoto, kisha anakaa mezani kuandika ili watoto wa wengine wacheze. Sijui kama mimi ningeweza.

#13 BintiKisauni

Kaka, mwishowe vikosi hivi vya Kusini viliishia wapi? Bado vipo?

#14 Mnyamwezi615

Dada, jina lilififia taratibu. Vyuo vikubwa vya Kusini vilianzisha umoja mpya, Southern Conference, mwaka 1921 mjini Atlanta, na ukakua ukawa mzito mno. Desemba 1932 vyuo 13 vikajitoa vikaunda umoja wao, Southeastern Conference au SEC, huyuhuyu SEC anayetawala televisheni leo. Kuanzia hapo magazeti yakawa yanachagua nyota wa kila umoja, si wa Kusini nzima. Kusini ya jedwali la majina 11 ikagawanywa.

Camp naye alifariki Machi 1925 mjini New York, katikati ya vikao vya kamati ya kanuni za mchezo. Na Collier's ilimpa nani kazi ya kuchagua kikosi cha taifa baada yake? Grantland Rice. Kijana wa Murfreesboro, aliyekuwa akichagua Kusini.

Kabla ya hapo, tarehe 14 Oktoba 1922, Vanderbilt walizindua uwanja wao mpya, Dudley Field, kwa mechi na Michigan ya Yost. Shemeji kwa shemeji. Ikaisha 0–0. Upande wa Vanderbilt pembeni mwa mstari alikuwa Lynn Bomar, kijana mkubwa wa Tennessee, nyota wa Kusini. Mwaka 1923 Camp alimweka kwenye kikosi chake cha kwanza, moja ya orodha zake 2 za mwisho.

Uwanja upo palepale hadi leo, umejengwa upya mara kadhaa. Basi langu la alfajiri linapita karibu nao, taa zimezimwa, hakuna mtu. Jumamosi hii nataka kuanza filamu za 1903, kuna mchezaji wa Vanderbilt anaitwa Tigert aliyekuwa nyota wa Kusini na baadaye rais wa Chuo Kikuu cha Florida. Nikipata jedwali lake nitaliandika hapa, majina yote 11 na nafasi zao.